Ribosomu Haina Utando. Kwa Hiyo?

Alama yenyewe ilikuwa moja. Kwenye mtihani wa alama mia, moja haimpandishi mtu wala haimshushi. Lakini binti wa kaka yangu aliingia sebuleni na karatasi mkononi kabla hata hajavua viatu, akasogeza sahani ya maandazi, akaitandaza karatasi mezani na kuweka kidole juu ya swali la nne.

"Shikamoo shangazi. Hebu nitazamie hapa."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

Swali liliwataka wataje oganeli tatu za seli, yaani vitu vidogo vilivyomo ndani ya seli, na kazi ya kila moja. Yeye aliandika mitokondria, kloroplasti na ribosomu, ile inayotengeneza protini. Mbili za kwanza zilipata vema. Ya tatu ilikatwa kwa X nyekundu iliyokaribia kuchana karatasi, na pembeni mwalimu kaandika kwa mkono wa haraka: haina utando. Yaani haina ngozi nyembamba inayoizunguka.

"Anasema ribosomu siyo oganeli. Ni kweli?"

Nilikuwa nafuta vikombe, na sikuweka chini hata kimoja. Nikamwambia kama mwalimu amesema haina utando basi ndiyo hivyo, oganeli lazima iwe na utando, hata sisi tulifundishwa vivyo hivyo. Akaikunja karatasi mara nne, akala andazi, akaanza kuniuliza habari za bibi yake.

Hakubisha. Hapo ndipo tatizo langu lilipoanzia, maana yule mtoto hubisha kila kitu.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimeinama juu ya hadubini mwaka wa kumi na nane sasa. Hakuja kuniuliza mwalimu kasema nini, hilo alikuwa nalo kwenye karatasi. Alikuja kuniuliza mimi, ninayeziona seli kila siku ya Mungu, naonaje. Nami nikamjibu kama karani anayemwambia mgonjwa aende dirisha namba mbili.

Ile X ilinifuata hadi kazini.

## Kupanda juu

Alhamisi nikiwa kwenye daladala simu ikalia. Kanitumia picha ya ukurasa wa kitabu chao, sehemu ya bakteria. Amepigia mstari sentensi inayosema bakteria hawana oganeli zilizozungukwa na utando. Chini yake kaandika:

"Shangazi, kama oganeli zote zina utando, kwa nini wautaje tena? Si sawa na kupanda juu na kushuka chini?"

Nikacheka peke yangu hadi jirani yangu akaichungulia simu. Ni kweli, nani aliwahi kupanda chini? Mtu akisema "oganeli zenye utando", tayari anakiri kwamba zipo zisizo nao, vinginevyo maneno hayo mawili ni ya kujazia ukurasa.

Jioni nikashusha vitabu vyangu vya chuo kutoka juu ya kabati. Kimoja kinaweka sharti la utando kwenye mstari wa kwanza wa sura, halafu kurasa chache mbele kinaichora ribosomu katikati ya oganeli nyingine bila kuona haya. Cha pili kinazigawa waziwazi: zenye utando mmoja, zenye tando mbili, zisizo na utando. Ribosomu na sentrosomu zimekaa kundi la tatu, kimya, kama wageni waliochelewa harusi.

Vitabu vyote viwili nilivisoma. Mitihani ya vyote viwili nilifaulu. Sikuwahi kuona kwamba havipatani.

## Neno limetangulia utando

Nikaanza kulifuata neno lenyewe. Mwaka 1884 mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, Karl Möbius, alikuwa anaandika kuhusu viumbe vya seli moja. Viumbe hivyo vina sehemu zinazofanya kazi mbalimbali, lakini huwezi kuziita viungo kama moyo au ini, kwa sababu kiumbe kizima ni seli moja tu. Akachukua neno la Kilatini la kiungo, akalidogosha: organulum. Sisi tungeweka kiambishi tu tukamaliza. Kijiji, kijito, kijiungo.

Hivyo tu. Kiungo kidogo. Sehemu ya seli yenye kazi yake.

Utando haumo katika neno hilo, na usingeweza kuwamo. Utando wa seli una unene wa nanomita chache, na hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi. Tando za mitokondria zilikuja kuonekana sawasawa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hadubini ya elektroni. Miaka karibu 70 watu walikuwa wanasema oganeli pasipo mtu yeyote kuona kama zimevaa nguo au ziko uchi.

Kuna jambo lilinichekesha humo njiani. Wachunguzi wawili wa seli za neva, Camillo Golgi wa Italia na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, walikuwa mahasimu, wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1906 na hata hapo hawakupatana. Kila mmoja ameacha jina lake ndani ya seli. La Golgi liko kwenye ule mrundo wa vifuko bapa alioueleza mwaka 1898, na vifuko hivyo ni utando mtupu. La Cajal liko kwenye vidoa fulani ndani ya kiini alivyovieleza mwaka 1903. Havina utando hata kidogo. Kwa kanuni ya mwalimu wetu, Golgi anaingia mtihanini na Cajal anabaki nje ya geti.

Ribosomu nayo ina kisa chake. Miaka ya 1940 Albert Claude alikuwa anasaga seli na kuzizungusha kwenye sentrifuji ili vilivyomo vitengane kwa uzito. Vitu vizito vinatua kwanza, vyepesi baadaye. Ile tabaka ya vidogo sana iliitwa mikrosomu. Mwaka 1955 George Palade akaonyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba kwenye seli kuna chembe ndogo ndogo nyeusi, nyingine zimeng'ang'ania tando, nyingine zinaelea zenyewe. Ikawa vurugu ya majina. Baadhi ya wataalamu wakisema mikrosomu walimaanisha zile chembe, na vipande vya utando vilivyoshikamana nazo wakaviona uchafu. Wengine walimaanisha vipande vya utando, na kwao chembe ndizo zilikuwa uchafu. Mwaka 1958 Richard Roberts akapendekeza jina jipya, ribosomu, watu waache kuzungumza kwa kupishana.

Mrija mmoja. Uchafu wa huyu ni dhahabu ya yule.

## Wingu la buluu

Haya ya historia yasingenishika kama yasingenigusa kazini.

Kliniki ya watoto wenye selimundu ikitoa orodha, mara nyingi tunaombwa kuhesabu retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zilizotoka tu kwenye uboho. Kazi yake ni hii. Unachanganya matone machache ya damu na kiasi kile kile cha rangi ya buluu kwenye kijichupa, unaacha kwenye joto la mwili kama dakika 15, unapaka kwenye slaidi, unangoja ikauke, unaweka tone la mafuta, unashusha lenzi ya 100. Chembe zilizokomaa zinaonekana kama sahani tupu zenye rangi ya chai iliyokosa majani. Zile changa zina kitu ndani. Vinyuzi vya buluu, vimejikunja kama uzi uliodondoka kutoka kwenye sindano.

Vinyuzi hivyo ni ribosomu.

Tuseme vizuri: ni ribosomu nyingi na RNA yake (molekuli iliyo ndugu wa DNA), zimekusanywa na ile rangi zikagandana. Moja moja haionekani, kwa sababu ina nanomita 25 hadi 30 tu. Miaka yote hii nimekuwa nikihesabu kitu ambacho siku ile, na kikombe mkononi, nilikikana.

Hebu fikiria chembe yenyewe ilipofikia. Kiini imekwisha kukitema kabla haijatoka kwenye uboho. Mitokondria zinaondoka. Inafunga virago, kila kitu kinatolewa nje ili nafasi ibaki kwa himoglobini. Lakini kwa siku moja au mbili hivi ndani ya damu bado inatengeneza himoglobini, na kinachoitengeneza ni ribosomu zilizobaki. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Ya mtoto mwenye selimundu inaweza isifike hata 20, ndiyo maana uboho wake unasukuma changa kwa wingi, na mimi nikiangalia slaidi yake naona buluu kila pembe.

Mtoto yule anaishi kwa kasi ya ribosomu zake. Nenda kamwambie daktari wake kwamba hicho si kiungo cha seli, ni kitu fulani tu kinachoelea.

Hapo nilikuwa tayari nimeshamhukumu mwalimu. Nilipanga hata maneno ya kumwandikia.

## Nikageuka nikamtetea

Kilichonizuia ni mitokondria.

Usiku mmoja umeme ulikatika, nikawa nimelala chali nikijaribu kujenga hoja ya kuufuta utando kabisa kwenye maana ya oganeli. Nikakwama. Mitokondria inafanya kazi kwa kusukuma protoni, yaani ioni za hidrojeni, upande mmoja wa utando zikarundikana, kisha kuziachia zirudi kupitia mlango maalumu, na kurudi kwake ndiko kunakotengeneza nishati. Peter Mitchell alilipendekeza wazo hilo mwaka 1961, wengi hawakumwelewa, na mwaka 1978 akapewa Nobel. Toboa ule utando. Protini zote bado zipo, chembechembe zote zipo, lakini mitokondria imekufa. Ni kama tangi la maji lililopasuka: bati lote lipo, bomba lipo, koki ipo, ila maji hakuna.

Lisosomu, kifuko ambamo seli husaga taka zake, nayo ni hivyo hivyo. Ndani yake pH, kipimo cha uchachu, ni kama 5, nje ni kama 7.2, maana yake ndani kuna ioni za hidrojeni zaidi ya mara 100 kuliko nje. Utando ndio unaoishikilia tofauti hiyo.

Kwa hiyo mwalimu hakuokota sharti lake jalalani. Kwa oganeli hizi utando siyo nguo. Ni kazi yenyewe. Mtu aliyefundishwa seli kwa kuanzia na mitokondria na lisosomu ana haki ya kuamini kwamba kiungo cha seli ni chumba, na chumba bila ukuta ni uwanja.

Nikafuta ujumbe niliokuwa nimeanza kumwandikia.

Swali likabadilika sura hapo. Je, kuna kitu kinachoweza kuwa chumba bila ukuta?

## Supu ya ng'ombe

Kipo, na kila mtu amekiona jikoni. Chukua supu ya ng'ombe iliyotulia. Juu kuna duara za mafuta. Hakuna ngozi inayozizunguka, hakuna mtu aliyezijengea ukuta, lakini mpaka upo na unauona. Sukuma mbili kwa ncha ya kijiko zigusane: zinameza moja nyingine, na duara jipya linarudi kuwa duara. Ukiipasha supu sana na kuikoroga zinavunjikavunjika. Ukiiacha zinarudi.

Mwaka 2009 Clifford Brangwynne, Anthony Hyman na wenzao walitoa kazi iliyohusu kiinitete cha mnyoo mdogo wa milimita moja, C. elegans. Ndani yake kuna chembe ziitwazo P, ambazo mwishowe hubaki kwenye seli zitakazozaa mayai na mbegu za mnyoo. Watu walizijua tangu zamani na kuzidhania ni vijiwe vigumu. Wao wakazitazama zikiishi. Mbili zikigusana zilikuwa moja. Walipoibana tishu na kuisukuma, zilichuruzika juu ya kiini na kudondoka, kama umande kwenye jani la mgomba. Na seli haizibebi kutoka mbele kwenda nyuma kama mizigo. Upande wa mbele zinayeyuka, upande wa nyuma zinajikusanya upya.

Ni matone.

Mwaka 2011 wakaonyesha tabia hiyo hiyo kwa nukleoli, kile kidoa cheusi kilichomo ndani ya kiini, wakitumia mayai ya chura. Baadaye ikaonekana nukleoli ni tone ndani ya tone ndani ya tone, tabaka tatu ambazo hazichanganyiki, na kazi inapita kutoka tabaka la ndani kwenda la nje. Kazi yenyewe? Kutengeneza ribosomu. Wazo la kwamba seli ina matone si geni hata kidogo: Edmund Wilson wa Marekani alishaandika mwaka 1899 kwamba utomvu wa seli ni mchanganyiko wa matone ya kila aina. Likakaa kabatini miaka mia na kitu.

Nukleoli ilinimaliza. Sisi wa maabara tunaijua vizuri, tukiiona kubwa na wazi kwenye seli nyeupe changa tunashtuka na kumwita mkubwa wetu aje aangalie, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya damu. Na ina kazi isiyofanywa na mwingine. Mwaka 1964 Donald Brown na John Gurdon walichunguza viluwiluwi vya chura visivyo na nukleoli kabisa. Havikutengeneza RNA ya ribosomu. Viliishi kwa akiba ya ribosomu za mama, kisha vikafa.

Ina mahali pake, ina mpaka, ina kazi, ikikosekana kiumbe kinakufa. Inakosa nini?

Utando, atasema mwalimu. Tena ni kitu cha kupita, seli ikianza kugawanyika nukleoli inatoweka.

Ni kweli inatoweka. Lakini na kiini je? Utando wa kiini wa seli zetu nao huvunjika seli ikigawanyika, vipande vikatawanyika, ukajengwa upya baadaye. Sijasikia mtu akikiondoa kiini kwenye orodha ya oganeli kwa sababu hiyo. Kinachosamehewa mwenye ukuta kinageuka kosa kwa asiye nao.

## Kiboko kimetoka majini

Wakati nikiyapekua haya, yule binti alikuwa na mtihani wa Kiswahili, akaniomba nimkaririshe ngeli. Zamani zetu tulizipanga kwa umbo la jina: M-WA, KI-VI, JI-MA. Wao wanazipanga kwa upatanisho, kwa jinsi jina linavyoitawala sentensi: A-WA, KI-VI, LI-YA.

"Kiboko ngeli gani?" nikamuuliza.

"A-WA."

"Mbona kina KI?"

"Shangazi! Utasema kiboko kimetoka majini?"

Nikanyamaza na daftari mkononi.

Kiboko, kijana, kipofu, wote wamevaa KI na wote wanatenda kama watu na wanyama. Hata neno moja linaweza kuhama. Kifaru wa mbugani amejeruhiwa, kifaru cha jeshi kimelipuliwa, sura ile ile, upatanisho mwingine. Waliopanga ngeli kwa sura hawakuwa wajinga, mara nyingi sura inasema kweli. Ila kila walipomfikia kiboko walilazimika kuandika "isipokuwa". Mwalimu wa biolojia naye anapanga kwa kiambishi. Utando ni KI. Unafanya kazi vizuri sana hadi ukutane na nukleoli.

Mfano huu niliupenda mno, nikamweleza mfanyakazi mwenzangu tukiwa tunakunywa chai. Akasikiliza, akaniuliza swali moja lililonirudisha nyuma.

"Sasa ukiondoa utando, utamzuia nani?"

## Mlango ukiachwa wazi

Ana haki. Kama kinachotakiwa ni kazi tu, basi kila protini kubwa ina kazi. Himoglobini ina kazi. Kimeng'enya kinachokata sukari kina kazi. Neno litakalowabeba wote halitamtofautisha yeyote.

Na matone yenyewe yana utapeli wake. Baada ya 2009 kila mtu alianza kuona matone. Watafiti walilazimisha seli itengeneze protini fulani kupita kiasi, ikajikusanya kidoa cha mviringo, wakatangaza oganeli mpya. Wenzao wakawarukia: mviringo kwenye picha si ushahidi wa kimiminika, na kitu kinachotokea kwa sababu umekimwaga kupita kipimo huenda hakipo kwenye seli iliyoachwa na amani yake. Mimi niko upande wa wakali hawa. Ukiweka rangi nyingi kwenye slaidi, nayo hugandana ikaonekana kama ugonjwa.

Hapo nikalazimika kuiangalia ribosomu tena, safari hii bila huruma. Ribosomu ya binadamu ina protini karibu 80 na RNA nne. Idadi hiyo ni sawa katika kila moja, kama vipuri vya cherehani. Imechorwa atomu kwa atomu, na waliofanya hivyo kwa ribosomu za viumbe vidogo vya seli moja, Ada Yonath, Thomas Steitz na Venkatraman Ramakrishnan, walipata Nobel ya kemia mwaka 2009. Nukleoli huwezi kuichora hivyo. Haina idadi maalumu ya chochote. Vitu vinaingia na kutoka, nayo inabaki palepale, kama soko.

Ribosomu ni mtambo. Nukleoli ni mahali.

Nilianza wiki hizi nikitaka kuitetea ribosomu na nikamaliza nikiwa na uhakika zaidi juu ya nukleoli, ambayo hakuna aliyeniuliza. Nukleoli ni oganeli, hapo sirudi nyuma. Ina ndani na nje, na ndani yake hali ni tofauti na nje, hicho ndicho chumba, kiwe na ukuta au kisiwe nao. Ribosomu naiacha kwenye orodha kwa heshima ya matumizi, maana vitabu vingi vinaiweka humo na neno la zamani la Möbius haliikatazi. Lakini mtu akiniambia ni mtambo mkubwa tu wa molekuli, sitagombana naye. Ila asiniambie sababu ni utando.

Kuna kimoja kilichobaki kunikera. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu kwetu, na wenzetu wa enzi zile walikitambua kwa kupaka rangi ubongo wa mbwa na kutafuta vidoa vilivyoelezwa na Adelchi Negri mwaka 1903, katika maabara ya Golgi yule yule. Negri aliamini vidoa vile ni vimelea. Siyo. Ni mahali ambapo virusi vinajizalisha ndani ya seli ya neva, na mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba navyo vina tabia ya matone, havina utando. Vina mpaka, vina kazi, viko ndani ya seli. Kwa hoja zangu zote hapo juu ni oganeli.

Ya nani?

## Jumamosi

Niliomba ruhusa kwa mkubwa wangu, Jumamosi kukiwa kimya nikamleta. Nilimwambia ukweli kwanza: siku ile nilikujibu bila kufikiri. Akasema, "Najua, shangazi," kisha akataka kujua koti la maabara linapatikana wapi.

Sikutumia damu ya mgonjwa. Nilijichoma kidole changu, nikachanganya na rangi, tukangoja dakika 15 akinieleza habari za rafiki yake ambaye hawaongei. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina retikulosaiti kama moja katika kila chembe mia, kwa hiyo ilibidi atafute. Alisogeza slaidi polepole, mdomo wazi, kama mimi mwaka wa kwanza.

"Hii!" Akarudi nyuma nione. Nikatazama. Ilikuwa vumbi la rangi. Akaendelea.

Ya pili ilikuwa yenyewe, vinyuzi vitatu vya buluu karibu na ukingo.

"Mbona ni kama nyuzi? Mimi kitabuni ni vidoti."

Nikamweleza kwamba rangi ndiyo iliyozikusanya. Zikiwa hai haziko hivyo, zimetawanyika kila mahali, na hadubini hii haiwezi kumwonyesha hata moja.

"Kwa hiyo hata hapa siioni ribosomu yenyewe."

"Huioni."

Akafikiri kidogo. Halafu akainamia tena lenzi, akaanza kuzungusha ile skrubu ndogo mbele na nyuma, mbele na nyuma, kana kwamba nimekosea.